Kwa nini ukuta wa chumba cha watoto haukauki hata masika yakiisha?

*"Tunaishi Rau, Moshi, katika nyumba ya tofali za saruji za inchi 6 tuliyohamia mwaka 2018. Miaka mitatu ya kwanza hatukuona tatizo lolote. Sasa ukuta wa chumba cha watoto, upande ambao kwa nje nina bustani ya maua, umelowa kuanzia sakafuni hadi juu ya goti. Rangi inavimba malengelenge na kubanduka, na lipu ukiigusa inamwagika kama unga wenye chumvi nyeupe. Mwaka jana fundi alikwangua, akapiga skimu upya na kumalizia kwa rangi ya mafuta, lakini baada ya masika ya mwaka huu unyevu umepanda juu kuliko ulivyokuwa. Pia kwenye kona ya juu ya chumba hicho, nyuma ya kabati, kuna madoa meusi ya ukungu. Fundi mmoja anasema saruji ilikuwa mbovu, mwingine anasema tubandike marumaru hadi usawa wa dirisha, wa tatu anasema nailoni ya msingi imeoza na iwekwe nyingine. Mume wangu anataka marumaru. Mtoto wetu wa mwisho anakohoa usiku. Tuanzie wapi?"*

Poleni kwa usumbufu, na zaidi pole kwa mtoto. Mmepata mafundi watatu na tiba tatu, lakini hakuna hata mmoja aliyewaambia maji yenyewe yanatoka wapi, na hapo ndipo fedha za watu wengi, huko Moshi na huku kwetu Arusha, zinapopotelea. Ukuta hautengenezi maji. Kila tone lililomo ndani yake limepanda kutoka ardhini, au limepenya ubavuni, au limeshuka kutoka kwenye paa au bomba, au limetoka katika hewa ya chumba chenyewe. Kwa dalili ulizozieleza, naamini chumba hicho kina matatizo mawili yaliyokutana, yaani maji ya ardhini kule chini na jasho la hewa kule juu nyuma ya kabati. Kila moja lina tiba yake, na tiba ya moja haigusi jingine.

Nianze na fundi wa saruji mbovu. Saruji iliyokaa stoo muda mrefu, au iliyopunjwa katika mchanganyiko, hutoa lipu dhaifu, hilo ni kweli. Lakini udhaifu huo ungeonekana ukuta mzima, juu na chini, na pengine katika vyumba vyote vilivyopigwa lipu na fundi yuleyule. Ukuta wenu umeharibika chini tu, kwa mstari unaokwenda sambamba na sakafu, upande mmoja wa nyumba. Isitoshe, mlikaa miaka mitatu bila tatizo. Nyumba iliyokuwa kavu kwa miaka mitatu kisha ikaanza kulowa imebadilishiwa kitu: ama udongo umeongezwa nje, ama baraza limejengwa, ama bomba limeanza kuvuja, ama jirani amegeuza njia ya maji. Kaeni wewe na mumeo mkumbuke kilichofanyika kiwanjani mwaka ule wa nne. Mimi nina shaka kubwa na bustani ya maua, na nitaeleza sababu.

Wengi wetu tuliokulia vijijini tulisomea kwa koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, na kati yake kuna utambi wa pamba tu, lakini mafuta hupanda usiku kucha. Tofali la saruji, mota inayoshikanisha tofali, na lipu yenyewe vina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, nayo hunyonya maji vilevile kama utambi. Kadiri matundu yalivyo membamba, ndivyo maji yanavyoweza kupanda juu zaidi. Hata kama msingi wenu ni wa yale mawe meusi magumu ya volkano, ambayo yenyewe hunywa maji kidogo sana, mota iliyo kati ya mawe yatosha kuwa utambi. Maji hupanda mpaka pale yanayoingia kwa chini yanapolingana na yanayokauka kupitia uso wa ukuta, na kwa kawaida mahali hapo ni chini ya mita 1, mara chache hufika mita 1 na nusu. Ndiyo sababu unaona mstari ulio karibu sawa ukutani, na ndiyo sababu mstari huo hupanda wakati wa masika na kushuka kidogo Januari na Februari, jua linapokuwa kali.

Maji hayo hayaji peke yake. Huyeyusha chumvi zilizomo ardhini, katika mchanga wa ujenzi na katika saruji, kisha yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuziacha. Chumvi inayobaki huganda kuwa punje ndani ya matundu, punje hukua, na zikikosa nafasi husukuma rangi na kuipasua lipu kutoka ndani. Ule unga unaomwagika mkononi mwako ndio matokeo yake. Kuna chumvi za aina nyingine, hasa zinazotokana na samadi na mkojo wa mifugo, ambazo hunyonya unyevu wa hewani zenyewe. Kama unaweka samadi kwenye bustani hiyo, au kama zamani palikuwa na banda la ng'ombe karibu na ukuta huo, jambo la kawaida kwetu tunaofugia nyumbani, basi lipu ya zamani itaendelea kutota siku za mawingu hata baada ya maji ya ardhini kukatwa kabisa. Lipu iliyokwisha kulewa chumvi haiponi kwa kupakwa kitu chochote. Lazima itolewe.

Sasa mtaona rangi ya mafuta ilifanya nini. Ukuta uliokuwa ukipumua kupitia rangi ya maji ulifungwa uso wake, maji yakaendelea kuingia kwa chini kama kawaida, na kwa kuwa hayakuweza kukauka pale yalipozoea, yakapanda hadi yalipopata uwazi. Fundi wenu hakuwa na nia mbaya, lakini aliziba mdomo wa utambi. Marumaru zitafanya hivyohivyo, tena kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka wa kwanza ukuta utapendeza. Baadaye mtaona malengelenge juu ya mstari wa mwisho wa marumaru, karibu na dirisha, na marumaru za chini zitaanza kutoa sauti ya uwazi ukizigonga, kwa sababu chumvi inazibandua kwa nyuma. Namwelewa mumeo, kwani amechoka kuona unga sakafuni kila asubuhi. Naomba tu asubiri hadi atakapopima kitu kimoja nitakachoeleza hapa chini.

Fundi wa tatu, yule wa nailoni, yuko karibu na ukweli kuliko wenzake. Nyumba iliyojengwa vizuri huwekewa tabaka la kuzuia unyevu, lile mafundi wanaloliita DPC, kati ya msingi na tofali za ukuta, ili maji ya chini yasivuke. Lakini nailoni nzuri iliyokandamizwa ndani ya mota, mahali jua halifiki, haiozi kwa miaka mitatu. Mara nyingi zaidi nailoni ni nzima, ila maji yamepata daraja la kuizunguka.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja huko Moshi yenye ukuta unaofanana na wenu, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kulipia lipu mara mbili. Nje palikuwa na bustani nzuri, udongo mweusi laini uliojaa samadi, ukimwagiliwa kila jioni kwa mpira. Nilichimba kwa mwiko kando ya ukuta, taratibu nisikate mizizi. Kwa sentimita 22 za kwanza nilikutana na udongo ulioshikana na lipu ya nje, umelowa kiasi cha kuacha alama ya vidole. Kisha ukatokea ukingo wa nailoni nyeusi ukichungulia katika mota, mzima, hauna tundu wala mkato. Maji hayakuwa na haja ya kuivuka. Yaliingia ubavuni, juu yake, kutoka kwenye bustani iliyokuwa ikiongezwa udongo mwaka hadi mwaka mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Tuliondoa udongo ule, na hakuna nailoni mpya iliyowekwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pimeni hivi. Ndani ya chumba, shusheni futi kamba kutoka kwenye kizingiti cha chini cha dirisha hadi sakafuni na muandike kipimo. Nendeni nje, mpime kutoka kizingiti kilekile, usawa uleule, hadi kwenye udongo. Kipimo cha nje kinatakiwa kizidi cha ndani kwa sentimita 15 au zaidi, maana yake ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa kiasi hicho. Vikilingana, au cha nje kikiwa kifupi, mmekwisha kumpata mhalifu. Angalieni pia kama kuna baraza, ngazi au njia ya zege iliyomwagwa baadaye ikagusa ukuta juu ya usawa wa nailoni, na kama lipu ya nje imeshushwa hadi ndani ya udongo, kwa sababu lipu hiyo nayo ni utambi unaopita nje ya nailoni na kuingia kwenye tofali juu yake.

Pamoja na hilo, hakikisheni hakuna maji mengine. Jioni moja jazeni ndoo za kutosha usiku, fungeni koki zote pamoja na ile inayopeleka maji kwenye tenki, muandike namba zote za mita hadi tarakimu za mwisho, na asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua maji, msome tena. Namba zikisogea, kuna bomba linavuja, na fundi bomba ndiye wa kuitwa kwanza. Tazameni kama chemba au shimo la choo liko upande huo. Ukuta unaonuka uvundo wa maji taka si wa kusubiri. Na mvua ikinyesha, tokeni nje na mwavuli mwangalie maji ya paa yanaangukia wapi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, hivyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 humwaga lita 3,000 ndani ya mchana mmoja. Bila gata, au gata ikiwa imejaa majani ya mparachichi, maji hayo hupigwa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kando ya kuta zenu.

Kwa kuwa mko Rau, kuna jambo jingine la kuzingatia. Msitu wa Rau wenyewe unaishi kwa maji ya ardhini yaliyo karibu na uso wa nchi, na upande wa chini wa Moshi una mifereji mingi, ile mifongo ya asili na mingine ya umwagiliaji, ambayo ikiwa ya udongo hupoteza maji mengi pembeni mwake. Kama mfongo unapita upande wa juu wa kiwanja chenu, linganisheni ukuta siku za zamu ya maji na siku zisizo na zamu, kwa kuchora mstari wa penseli kwenye ukingo wa unyevu na kuandika tarehe. Mstari ukifuata zamu, tatizo lenu halimalizwi na kuondoa bustani peke yake. Mtahitaji mtaro wa kukinga maji upande wa juu, wenye kina kinachoshuka chini ya usawa wa sakafu, uliojazwa kokoto na kuelekezwa mahali pa chini pasipodhuru jirani. Mfongo ni wa watu wengi, kwa hiyo msiuzibe wala kuuhamisha. Zungumzeni na wasimamizi wake kuhusu kuusakafia kipande kinachopita kwenu.

Kona ya juu nyuma ya kabati ni habari nyingine kabisa, kwa sababu maji ya ardhini hayafiki huko. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi: mita moja ya ujazo kwa nyuzi 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za maji, na ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi, kilichozidi hugeuka matone juu ya kitu chochote cha baridi kilicho karibu. Mtu aliyelala hutoa robo lita hivi ya maji usiku mmoja kwa pumzi na jasho. Wekeni watoto watatu katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa baridi ya Juni na mbu, ongezeni nguo zilizoanikwa ndani kwa ajili ya mvua, na maji hayo yatatafuta sehemu ya baridi kuliko zote. Mara nyingi huwa ni kona ya nje kwenye lenta ya zege, na kabati likiizuia hewa isipite, ukungu hupata makazi. Huku Arusha, tulio juu zaidi na wenye baridi kali, naliona tatizo hili hata kwenye nyumba ambazo misingi yake haina kasoro.

Mkitaka kuthibitisha, futeni sehemu hiyo ikauke, mbandike kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30 kwa tepe pande zote nne, na mkiache kwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi kuna maji yanayopita ukutani, na kwa sehemu ya juu namna hiyo ningemtuma mtu mwangalifu darini kutazama bati, misumari na maungio ya paa.

Tiba ya jasho la hewa ni ya gharama ndogo. Lisogezeni kabati litoke ukutani kwa kiganja kizima, au lihamishieni ukuta wa ndani. Fungueni madirisha yanayotazamana kila siku mchana kwa muda wa kutosha, na kama vile vitundu vya hewa vya juu ya dirisha vilizibwa kwa magazeti au saruji, vizibueni na kuvibandika wavu wa mbu. Ukungu uliopo ufuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe iliyochanganywa na maji, mkiwa mmevaa glavu na barakoa na madirisha yakiwa wazi. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na tindikali ya choo wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Na nawasihi, msiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta au kupasha joto. Gesi ya mkaa isiyoonekana imeua familia nzima usingizini, na hakuna ukuta unaostahili hatari hiyo.

Turudi chini ya ukuta. Mkikuta udongo umepanda, iondoeni bustani yote iliyo karibu na ukuta, angalau mita 1, hadi ardhi ishuke sentimita 15 chini ya sakafu au zaidi, na maua yahamie mbali. Ipeni ardhi mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita ili maji yakimbie nyumba, mkipenda mmwage njia ya zege nyembamba, lakini iwe chini ya usawa wa nailoni. Lipu ya nje iliyozama udongoni ikatwe juu ya nailoni. Wekeni gata na bomba la kushushia maji hadi kwenye tenki au mtaro. Ndani, bomoeni lipu yote iliyoharibika hadi kwenye tofali, mkizidisha kama nusu mita juu ya mstari wa unyevu, na kifusi hicho kitupwe mbali kwa sababu kimejaa chumvi. Piteni na brashi ngumu kavu kila chumvi mpya inapochomoza. Msiioshe kwa maji, maana mtairudisha ndani.

Kisha inakuja sehemu ngumu kuliko zote, ambayo ni kusubiri. Ukuta mnene hukauka polepole sana, na makadirio ya mafundi wazoefu ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Inchi 6 ni nusu mwaka. Najua ni vigumu kuishi na tofali tupu muda wote huo. Wahamisheni watoto chumba kingine mkiweza. Lipu inayopigwa wiki mbili baada ya kuchimba hurudisha maji yaliyobaki usoni na kuwafanya muamini kuwa kazi ya nje haikusaidia. Ukuta ukishakauka, pigeni lipu ya saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1 na mchanga safi ndoo 6, ambayo ni laini kuliko ile ya saruji tupu na huruhusu ukuta kupumua. Msipige skimu ya jipsamu sehemu ya chini, kwa sababu hunyonya maji na kulainika. Rangi iwe ya maji.

Ikiwa kipimo cha dirisha kitaonyesha kuwa ardhi ya nje iko chini vya kutosha, mita haisogei, paa ni zuri na bado ukuta unalowa kwa chini, hapo ndipo nailoni yenyewe itashukiwa. Kukata ukuta kipande kwa kipande na kuingiza nailoni mpya kunawezekana, lakini ni kazi ya mtu mwenye ujuzi, kwa sababu unakata kitu kinachobeba nyumba. Njia nyingine ni kutoboa matundu kwenye mota ya chini, kila sentimita 10 hadi 12, na kuingiza dawa inayoyafanya matundu ya ukuta yakatae maji. Dawa hiyo husaidia katika baadhi ya kuta na katika nyingine hupunguza tu, na haina faida yoyote pale ambapo udongo bado umeegemea ukuta juu yake. Ile dawa ya kuchanganywa na lipu ili izuie maji ina mahali pake, kwa mfano kwenye tenki au ukuta uliozikwa ardhini, lakini kuipiga ndani ya chumba chenu ni kurudia rangi ya mafuta kwa jina jingine.

Mwiteni mhandisi aliyesajiliwa aje mwenyewe mkiona nyufa pana za kupitisha sarafu, au zinazokwenda mshazari kutoka kona za dirisha, au sakafu iliyotitia, kwa kuwa maji chini ya msingi yanaweza kuwa yameanza kuiondoa ardhi inayoubeba. Kama soketi au swichi iko kwenye ukuta uliolowa, zimeni umeme wa chumba hicho leo hii kwenye swichi kuu, na fundi umeme mwenye leseni aikague kabla haijatumika tena. Na mtoto apelekwe hospitali bila kusubiri ukuta. Ukungu unaweza kuchochea pumu na mzio, lakini kikohozi cha usiku kina sababu nyingi, na daktari ndiye wa kuzitenganisha. Mwelezeni kuhusu kona ile ya kabati, na mtoto alale chumba kingine kuanzia leo.

Kwa kalenda yetu, mmeuliza wakati mzuri. Juni na Julai ondoeni udongo, wekeni gata na mbomoe lipu. Vuli ikija mwishoni mwa mwaka mtajua kama kazi ya nje imeshika, kwa kutazama ile mistari ya penseli kwenye tofali. Mistari ikiwa imeshuka, pigeni lipu Februari, kabla ya masika. Rangi iacheni hadi Juni inayofuata, na mkifika hapo ukuta ukiwa mkavu, mumeo akitaka bado marumaru kwa ajili ya mapambo, sitakuwa na pingamizi.